Saa Nne Usiku, Maji Yakiwa Nje

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wanaoandika hadithi, katika kijiji kimoja cha pwani ya Pangani. Nimeyatoa kwenye karatasi zangu, na pale nilipotoka nje ya karatasi nimesaidiwa na waliokuwapo.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao hamkuitikia popote, hamjambo?

Kaeni. Nyuma kule kuna mkeka mwingine, msisimame kama mnangoja basi la Tanga.

Nimeombwa niseme juu ya hadithi mnazoziandika siku hizi, za mapenzi ya vijana na viumbe wa baharini. Mmenipa kumi na moja. Nimezisoma zote, mbili nimezirudia. Katika hizo kumi na moja, tisa zina kijana wa kiume anayetoka baharini usiku, mrefu, sauti ya upole, na sita kati ya hao tisa wana macho ya kijani. Wanangu, nimezaliwa pwani hii na nimezeekea hapa hapa. Macho ya kijani nimeyaona kwa paka. Jini wa baharini wa Pangani anayapata wapi? Anayapata kwenye simu zenu. Mmesoma hadithi za watu wa mbali, mkazipenda, na siwalaumu, maana nami nimezisoma na nyingine zimeninyima usingizi. Ila yule kijana mmemwazima pamoja na koti lake, mkamsimamisha kwenye mchanga wetu, na sasa anatoka jasho.

Lugha yetu yenyewe imeshawatania. Jini akiwa mmoja ni jini, wakiwa wengi ni majini. Na samaki anaishi wapi? Majini. Mswahili hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba humo ndani wamo.

Nianze na kosa moja, kwa sababu ni kosa zuri.

Kuna binti amekaa hapa mbele. Ameniruhusu nimseme, mradi nisimtaje jina. Hadithi yake ndiyo bora kuliko zote, kwa hiyo ndiyo nitakayoisumbua. Msichana wa miaka kumi na saba, Zuhura, anakutana na kijana wa baharini juu ya fungu la mchanga mbele ya kijiji chao. Ni saa kumi na mbili jioni. Jua linazama nyuma ya minazi, mwezi mpevu unachomoza baharini, maji yamekupwa, fungu limekaa wazi linang'aa kama sinia lililosuguliwa kwa majivu. Hilo sinia nimelipenda. Wanakutana hivyo siku saba mfululizo, saa ile ile.

Nilikichukua kipande hicho nikamsomea jirani yangu, mzee anayevua kwa ngalawa tangu ujana wake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao watoto wanajua kuogelea?"

Mmeshacheka, maana mnajua. Siku za bamvua pwani hii, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa kwenye saa kumi na hupwa kwenye saa nne. Saa kumi alfajiri na alasiri yako juu, saa nne asubuhi na usiku yako nje. Wanaokwenda kuchokoa pweza wanaijua saa hiyo bila kutazama saa. Kwa hiyo mwezi mpevu unapochomoza jioni, maji yamejaa saa mbili tu nyuma, na tena ni ya bamvua, ambayo tofauti ya kupwa na kujaa kwake inakaribia mita 4. Fungu la Zuhura liko chini. Juu yake wanapita vibua. Halafu maji hayana miadi ya saa moja kila siku, huchelewa kama dakika 50. Mkikutana leo yakiwa nje, wiki ijayo saa ile ile yamejaa. Siku saba mfululizo haiwezekani, labda Zuhura naye awe na mkia.

Sikumleta mzee yule ili tumcheke mtu. Nataka muone bahari inampa nini binti huyu. Maji yanatoka saa nne usiku? Basi Zuhura aende saa nne usiku! Msichana wa miaka kumi na saba, kwao, saa nne usiku. Mlango una komeo linalolia. Mama amelala chumba cha mbele, na usingizi wa mama mwenye binti mnaujua. Kuna mbwa wa jirani. Kuna taa huko kwenye mwamba, ya mtu anayetafuta pweza, na mtu huyo ni mjomba wake. Mwezi umeshapanda, njia nzima imeangazwa, pa kujificha hapana. Akifika kwenye fungu ana muda gani? Maji yakianza kurudi hayamsubiri mpenzi wa mtu. Kesho yake itakuwa saa tano kasoro dakika kumi, kesho kutwa saa tano na dakika arobaini, na wiki ikipita maji yanakuwa mafu, fungu halitoki sawasawa, na kijana haonekani tena mpaka bamvua jingine. Kama siku kumi na tano za kungoja, mtu anaosha vyombo huku anahesabu. Ukishakuwa na hayo mkononi, macho ya kijani ya nini?

Hiyo ndiyo naiita sharti. Hadithi za watu wa bahari nilizozisoma na kuzisikia, za kwetu na za ugenini, zina sharti ndani. Umekuja kwetu, umelipa nini? Unakwenda kwao, utarudi lini, na ukirudi utamkuta nani? Vijana wenu wa baharini hawalipi kitu. Wanapanda ufukweni, wanakung'uta maji, wanazungumza Kiswahili sanifu. Mmoja anaendesha bodaboda. Leseni kaipata wapi?

Bibi zetu walikuwa na sharti lao, na hawakulipata kwenye hadithi. Majahazi ya Omani na Ghuba yalikuja huku na kaskazi, Desemba mpaka Machi, yakarudi na kusi kuanzia Aprili. Baharia alikaa msimu. Wengine walioa. Upepo ukigeuka, kazi imekwisha, jahazi linapakia boriti za mikoko, mume anaondoka. Wengine walirudi mwaka wa pili na kitambaa cha zawadi, wengine hawakurudi tena, na mwanamke hakupata mtu wa kumwambia kama ni mjane au ameachwa. Mimi nadhani, na hii ni dhana yangu, msiinukuu kama historia, kwamba nusu ya waume wa baharini wa simulizi zetu walikuwa na jahazi na jina la baba. Upepo ulimleta, upepo ukamchukua. Mkitaka sharti la mapenzi, upepo wa miezi sita huku na miezi sita kule umekaa tu hapo nje, haujaandikwa na yeyote kati yenu.

Sasa niwape hadithi moja ambayo ningependa muisome kabla hamjaandika mstari mwingine. Ni ya zamani, imo katika Alfu Lela Ulela, na ni katika zile zilizomo kwenye maandishi ya Kiarabu ya kale kabisa ya mkusanyiko ule, si zile zilizopachikwa baadaye. Ni ya Julnar wa baharini. Julnar maana yake ua la komamanga.

Mfalme wa Khorasan, upande wa Uajemi, mtu mzima, hana mtoto. Mfanyabiashara anamletea msichana wa kununua, mzuri ajabu. Mfalme anampa nyumba yenye madirisha yanayotazama bahari, anaachana na masuria wengine wote, anakaa naye mwaka mzima. Na mwaka mzima msichana hafungui kinywa. Anakula akiwa ameinamisha kichwa. Anatazama dirishani. Mfalme anadhani ni bubu.

Mwaka unakwisha. Mfalme anamwomba: kama unasema, sema, kama ni bubu, nionyeshe ishara nikate tamaa, mimi namwomba Mungu mtoto tu. Hapo msichana anatabasamu na kusema. Anamwambia ana mimba yake. Anamwambia yeye ni Julnar, baba yake alikuwa mfalme wa bahari, aligombana na kaka yake akatoka majini kwa hasira, akakaa ufukweni mwa kisiwa kwenye mbalamwezi, akapita mtu akamchukua kwake, akataka kumwingilia, naye akampiga kichwani nusura amuue. Mtu huyo ndiye aliyemuuza. Kisha anasema jambo ambalo nikifika hapo huwa naweka kitabu chini kidogo: kwamba kama mfalme asingempenda, asingekaa pale hata saa moja. Angejitupa baharini kupitia dirisha hili hili na kwenda kwao.

Mmelisikia dirisha? Mwaka mzima lilikuwa wazi. Sisi wasomaji tulidhani tunamtazama msichana aliyefungwa, asiye na sauti, kumbe ni yeye aliyekuwa anampima mfalme, siku baada ya siku, na mlango wake wa kutokea ameukalia. Hilo halifuti kwamba alinunuliwa. Msilirukie hilo mkiisoma, na mkiandika ya kwenu msinunue mtu kisha mkaita mapenzi. Lakini mwandishi yule wa zamani, asiyejulikana jina, alijua kwamba mtu wa bahari anayenyamaza ana sababu yake ya kunyamaza.

Halafu kuna ukoo. Julnar anakaribia kujifungua, anamwambia mumewe kwamba wanawake wa nchi kavu hawajui kuzalisha wanawake wa bahari, anataka watu wake. Ni nani kati yenu aliyefikiria mkunga? Anaagiza chetezo na makaa. Anatupia udi. Moshi unapanda, anasoma maneno yake, bahari inachafuka, na kaka yake Salih anatoka, nyuma yake mama na binamu, wanatembea juu ya maji mpaka dirishani. Udi, wanangu! Kitu kilichoko kwenye kabati la mama zenu. Mfalme amefichwa chumba cha pembeni anachungulia, na anawasikia wakimwambia binti yao arudi nyumbani. Roho iko mkononi. Julnar anakataa, anasema mume huyu amemtendea wema. Basi wanaletewa chakula, na hapo panatokea kitu ambacho kingeweza kutokea nyumba yoyote hapa kijijini. Wageni wanakasirika. Tumeingia nyumba ya mtu, mwenyewe hajajitokeza, hajatukaribisha, hajala nasi. Na wakikasirika, moto unawatoka vinywani. Mfalme nusura azimie. Mtu wa Khorasan, ana jeshi, na anaogopa shemeji.

Ninapenda sana kipande hicho kwa sababu moto wa vinywani ndio unaowapendeza watoto, lakini kilichouwasha ni adabu. Mtu wa bahari ana kwao. Huko kwao kuna mama, kuna namna ya kumpokea mgeni, kuna jambo wanalolihesabu kuwa ni dharau. Vijana wenu tisa hawana mama. Nimewatafuta mama zao kwenye kurasa zote, sikuwaona. Kijana anatoka baharini kama samaki wa kopo.

Mtoto akazaliwa, na siku moja Salih akamchukua mikononi akaruka naye baharini. Mfalme akalia, akidhani mwanawe amekufa. Julnar akamtuliza: baharini sisi twatembea kama ninyi mnavyotembea nchi kavu. Salih akarudi naye, mtoto mkavu, amepakwa wanja wa kwao na kusomewa majina yaliyo kwenye pete ya Nabii Suleiman, na tangu siku hiyo maji hayamzamishi. Baba mmoja, mama mwingine, na mtoto ambaye kila upande unaogopa utampoteza. Mtoto huyo akikua anapenda binti wa mfalme mwingine wa bahari kwa kusikia sifa zake tu, akijifanya amelala huku mama na mjomba wanazungumza. Msichana anamgeuza ndege mweupe mwenye mdomo mwekundu. Huko ndiko hadithi inakokwenda kwa kasi. Mtajisomea.

Kijana mmoja amenyoosha mkono, anauliza kuhusu yule binti wa bahari wa Wazungu, wa kwenye filamu ya watoto. Vizuri. Ile aliiandika Mdenmarki, Hans Christian Andersen, mwaka 1837, na mliyoiona kwenye filamu ina harusi mwishoni. Ya Andersen haina. Binti wa bahari anauza sauti yake kwa mchawi, ulimi unakatwa. Anapewa miguu, na kila hatua ni kama kukanyaga visu vikali. Mwana wa mfalme anampenda kama mtu anavyompenda kitoto alichokiokota: anamruhusu alale mlangoni pake juu ya mto wa mahameli. Mlangoni! Kisha anamwoa mwingine, akidhani huyo ndiye aliyemwokoa asizame. Dada za binti wa bahari wanakata nywele zao kumnunulia kisu: muue mwana wa mfalme kabla jua halijachomoza, damu yake iguse miguu yako, utarudi kuwa wa bahari. Anakitupa kisu majini. Julnar ana sauti na anaizuia. Huyu hana, na neno moja tu lingemwokoa. Nikiwa msichana nilimlilia. Sasa nikisoma nakasirika, hasa kwa ule mto wa mahameli.

Na kule visiwa vya Orkney na Shetland, kaskazini ya Uskoti, wana sili, wanyama wa baharini wenye manyoya laini, wanaovua ngozi na kucheza juu ya mwamba wakiwa watu. Mwanamume anaiba ngozi moja, anaificha, mwenye ngozi anamfuata nyumbani kwa sababu hana njia nyingine, anazaa, anapika, anakuwa mke mwema mwenye macho ya mbali. Miaka inapita, mtoto anauliza, mama, kile kitu laini kule juu darini ni nini? Mama anaondoka siku hiyo hiyo. Anawapenda watoto, na anaondoka. Hadithi hii sihitaji kuwaeleza. Mnajua nyumba ambazo ngozi ya mtu imefichwa darini.

Nguva, ndiyo, nilijua mtauliza. Nguva wa kweli ni mnyama, ana urefu wa kama mita 3, anakula nyasi za baharini, anapanda juu kuvuta pumzi, ananyonyesha, na matiti yake yako karibu na kwapa. Ukimwona kwa mbali na mtoto wake, na umekaa baharini miezi miwili, utasema ni mwanamke. Columbus aliona watatu, jamaa za nguva wa upande ule wa dunia, Januari 1493, na akaandika kwamba hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Maskini. Wa kwetu wamebaki wachache mno, Rufiji, Mafia na Kilwa, wanakufa kwenye nyavu. Husimuliwa kwamba zamani mvuvi aliyeleta nguva pwani alilishwa kiapo mbele ya watu. Kiapo chenyewe sikitaji, humu kuna watoto. Ila mkiwa wakubwa mtaona kwamba wazee hawakuichukulia habari ya mapenzi na nguva kama mchezo.

Na msiniambie bahari yetu haina ajabu ya kuandikwa. Kigombe hapo, wavuvi wa jarife walianza kupandisha silikanti mwanzoni mwa miaka ya 2000, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Maziwe hapo, kisiwa kilikuwa na mivinje, watu wazima waliokaa humu wameiona kwa macho, leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Kasa bado wanapanda kutaga, na mayai inabidi yahamishwe yaletwe bara yasilowe. Kisiwa kizima kimekwenda majini katika umri wa mtu. Nani anaishi chini yake sasa? Mimi ningeanzia hapo.

Nirudi kwa vijana wenu wa kiume, kuna jambo moja sikulipenda na nitalisema. Katika hadithi tano, kijana wa baharini anasimama dirishani usiku anamtazama msichana akiwa amelala, na msichana akijua, anafurahi. Katika mbili anamtisha kijana mwingine asiongee naye. Katika moja anamwambia, wewe ni wangu tangu hujazaliwa. Mtaani kwetu mtu anayechungulia dirisha la binti wa watu usiku ana jina lake, na vijana wa doria wanamjua. Akiwa na mapezi haibadiliki.

Na mnajua kwamba kijana huyo hatukumpata kwenye simu. Huyo tunaye wa kwetu, anaitwa jini mahaba. Anampenda msichana, anamwonea wivu, anakuja ndotoni, anafukuza wachumba. Binti akichelewa kuolewa, watu wananong'ona. Nitawahadithia kitu cha nyumbani kwetu, na mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki na alinipa ruhusa akiwa hai.

Mama yangu mdogo alikuwa mzuri kuliko mama yangu, mama mwenyewe alikuwa akisema. Posa ya kwanza ilikuja ana miaka kumi na nane. Siku ya tatu akanyamaza. Haongei, hali, anakaa barazani anatazama bahari. Wakasema homa. Mchumba akaondoka, akapona. Ikaja posa ya pili, akanyamaza tena. Hapo jina likatajwa: ana jini mahaba, wa baharini, amempata alipokuwa akioga mwezini. Akaitwa mganga. Nilikuwa mdogo, nakumbuka sinia lililofunikwa kitambaa chekundu, halua, mayai, chupa ya marashi, likapelekwa ufukweni na wanawake wanne, nami nikifuata nyuma nikitamani ile halua. Posa ya tatu, kimya siku tano. Watu wakaacha kuleta posa. Nani atamwoa mke wa mwenzie?

Alikaa hivyo, akashona nguo, akalea watoto wa dada zake, nikiwemo mimi. Akiwa na miaka arobaini na kitu aliolewa na mtu mpole mwenye duka la kamba na ndoana, na siku hiyo hakunyamaza hata kidogo, aliimba mpaka sauti ikakauka. Miaka mingi baadaye, tunachambua mchele, nikamuuliza juu ya yule jini. Akatoa chuya moja, akaitupa, akasema, "Alinisaidia sana yule."

Nikamtazama. Akaendelea kuchambua.

"Wa kwanza alikuwa anapiga punda wake," akasema. "Nilimwona. Wa pili sikumbuki hata sura. Nilikuwa nikisema simtaki, hakuna anayesikia. Nikinyamaza, nyumba nzima inasikia."

Nikamuuliza, na halua je? Akasema halua walikula wale wanawake wanne, njiani wakirudi.

Sasa sisemi hakuna majini. Sikuja hapa kuwaharibia dini wala mila. Nasema nilisoma habari ya Julnar nikiwa mkubwa, nikamkuta mama mdogo amekaa dirishani mle mle. Na mkiandika msichana anayependwa na jini, naomba mara moja mumwandike ambaye anajua anachokifanya na huyo jini. Au mumwandike jini mwenyewe, kijana wa miaka kumi na saba ya kwao, ambaye ametumwa na mama yake, ambaye hakutaka kuja, ambaye anaona huku kuna joto na kelele na watu wanakula samaki.

Binti yangu wa fungu la mchanga ameshaanza kuiandika upya. Amenionyesha ukurasa mmoja asubuhi hii. Zuhura amefika saa nne na robo, amechelewa kwa sababu ya komeo. Kijana yupo, amekaa kwenye mchanga uliolowa, hataki kusogea kwenye mkavu. Zuhura anamuuliza kwa nini. Anasema, "Huko kwenu panauma." Ukurasa umeishia hapo, na mimi nimemwambia asiniletee mwingine mpaka ajue pamemuuma wapi.

Nimemaliza niliyoyaandika. Leo mwezi ni wa kumi na nne. Saa nne usiku maji yatakuwa nje mpaka kwenye mwamba, na mzee wa ngalawa amekubali kutupeleka kwa miguu anayetaka kwenda kuangalia fungu lilivyo hasa, usiku, bila kubuni. Wasichana mje na kaka au mama, sitaki kesi. Tochi moja kwa watu watatu inatosha, mwezi utafanya kazi. Saa tano unusu tunageuka, hata kama mmenogewa. Na mje na viatu vya kufunika, msije peku. Mwamba ule umejaa chaza na wanakata kama wembe.

Shikamooni wakubwa mliokuja. Wanangu, tuonane saa nne.